DAWA YA NYUMBANI ISIGEUKE SUMU YA MTOTO

Somo la kujadiliwa katika jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya maendeleo, Kiirua

SHABAHA YA SOMO
Mwisho wa somo hili kila mshiriki aweze:
(a) kueleza jinsi dawa ya kawaida inavyoweza kumdhuru mtoto;
(b) kupima dawa ya homa kufuatana na uzito wa mtoto;
(c) kuchagua mahali salama pa kuweka dawa nyumbani kwake;
(d) kujua la kufanya na la kutofanya mtoto akinywa kitu.

VITU VYA KULETA
Kijiko cha chai, kijiko cha supu, sirinji isiyo na sindano, chupa tupu ya soda, na dawa zote zilizoko nyumbani kwako pamoja na maboksi yake.

1. UTANGULIZI

Ndugu msomaji, hapa Kenya tuna sheria inayoitwa Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244. Ilianza kutumika mwaka 1957, na ndiyo iliyounda Bodi ya Dawa na Sumu. Hebu litazame hilo jina vizuri. Dawa na sumu zimewekwa chini ya sheria moja na bodi moja. Si kwa bahati tu. Kitu kile kile kinachomponya mtu kinaweza kumwua, na tofauti yake mara nyingi ni kiasi tu.

Sisi huku vijijini tuna mazoea ya kugawa dawa mafungu mawili. Kuna dawa ya hospitali, yenye cheti cha daktari, hiyo tunaiogopa. Halafu kuna dawa ya duka: ya homa, ya kikohozi, ya tumbo, ya kuchua. Hiyo tunaiona kama sukari na majani ya chai. Tunanunua mbili mbili, tunatia kwenye mfuko wa kabuti au tunaweka dirishani. Mtoto akilia usiku tunampa, akilia tena tunaongeza.

Lakini dawa isiyohitaji cheti bado ni dawa. Imeruhusiwa kuuzwa bila cheti kwa sababu mtu mzima anayeweza kusoma maelezo anaweza kuitumia bila kudhurika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hasomi maelezo. Yeye anachojua ni kutia kitu mdomoni, na ini lake halijui kama dawa ilitoka kwa daktari au kwa kioski.

2. MCHEZO MFUPI WA KUANZISHA MAJADILIANO

Watu watatu waigize. Ni saa mbili usiku, mtoto wa kilo kumi ana homa.

MAMA: (anarudi kutoka shambani) Mama, mtoto ameshindaje?
NYANYA: Alikuwa moto kama jiko, mwanangu. Nimempa nusu ya tembe mchana, na nusu nyingine jioni hii.
MAMA: Kumbe! Na mimi asubuhi nilimpa ile ya chupa kwa kijiko, nikamwambia dada yake ampe tena saa sita na saa kumi.
NYANYA: Kijiko gani?
MAMA: Kile cha supu. Kingine kimepotea.
BABA: (anaingia) Mbona mtoto anatapika? Nani amempa nini?
(Nyanya anamtazama mama. Mama anatazama chini. Hakuna anayejibu.)

Mchezo ukomee hapo. Kabla ya kuendelea, kikundi kijibu: Je, kuna mtu mbaya katika nyumba hii? Ni nini kimekosekana? Huo ukimya wa mwisho unaweza kuleta madhara gani?

Kiongozi asiharakishe. Watu wengi watacheka kwanza, halafu watanyamaza, kwa maana karibu kila boma limeona usiku kama huo.

3. NJIA YA KWANZA: KIPIMO

Dawa ya homa inayotumika zaidi kwa watoto ni parasetamoli. Kipimo chake huhesabiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya mtoto, kila baada ya saa nne hadi sita, na isizidi mara nne kwa siku moja, usiku na mchana. Kwa siku nzima isizidi miligramu 60 kwa kila kilo. Uzito wa mtoto wako umeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki. Usikisie.

Dawa ya maji iliyo ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5. Lakini soma chupa yako mwenyewe, kwa sababu ziko zenye nguvu mara mbili ya hiyo, na ziko za matone kwa watoto wachanga ambazo ni kali zaidi. Tembe moja ya mtu mzima ina miligramu 500.

Sasa tufanye hesabu ya yule mtoto wa kilo kumi. Kikomo chake kwa siku ni miligramu 600.

Akipewa sawasawa: mililita 5 mara nne ni miligramu 480. Yuko salama.

Akipewa kwa kijiko cha supu: kijiko hicho hubeba mililita kama 15. Hiyo ni miligramu 360 kwa mara moja. Mara tatu ni 1,080. Tayari amepita kikomo karibu mara mbili.

Ongeza nusu mbili za tembe alizotoa nyanya: miligramu 500 zaidi. Jumla 1,580.

Ikifika miligramu 150 kwa kila kilo, yaani 1,500 kwa mtoto huyu, ini linaweza kuharibika. Hizo ni sawa na tembe tatu tu za mtu mzima. Nyumba nzima ilimpenda mtoto huyu, kila mmoja alitaka kumsaidia, na kwa siku moja wamempitisha mpaka wa hatari. Wakiendelea hivyo kesho na kesho kutwa, hali itakuwa mbaya zaidi, maana dawa hii hudhuru pia kwa kurundikana.

Zoezi: Kiongozi ajaze maji katika kijiko cha chai cha kila mshiriki na kuyapima kwa sirinji. Mtaona vijiko vya nyumbani havilingani. Kwa hiyo mtumie kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au sirinji. Na kila dawa iandikwe saa iliyotolewa, hata kama ni kwa chaki mlangoni. Anayeshika mtoto baadaye asome kwanza.

Angalizo: Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, usimtibu nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. NJIA YA PILI: JINA

Dawa moja inaweza kuwa na majina mengi. Panadol ni parasetamoli. Calpol ni parasetamoli. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani pamoja na vitu vingine. Mama anayempa mtoto ya homa, halafu ya mafua, anadhani ametoa dawa mbili. Pengine ametoa moja mara mbili. Angalia maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hayo madogo ndiyo jina la dawa yenyewe.

Aspirini nayo si dawa ya homa ya watoto. Mtoto mwenye mafua au tetekuwanga akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa unaoshambulia ubongo na ini kwa pamoja. Ni ugonjwa wa nadra, lakini huua. Ndiyo maana Uingereza ilikataza aspirini kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha hadi miaka 16. Baadhi ya tembe za maumivu zilizochanganywa zina aspirini ndani. Usimkatie mtoto nusu yake.

Dawa za kikohozi na mafua pia zimefikiriwa upya. Mwaka 2008 Marekani ilishauri zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka miwili, na mwaka 2009 Uingereza ikaziondoa nyingi kwa walio chini ya miaka sita. Faida yake ni ndogo na hatari yake ipo. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa maji ya vuguvugu yenye asali. Hutuliza koo vizuri. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga.

Usitupe boksi. Mwaka 2022 huko Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa, figo zao zikiwa zimeharibika, na dawa za maji za kikohozi na homa zikapatikana na kemikali ya viwandani. Mwezi wa Aprili 2024 Bodi ya Dawa na Sumu hapa kwetu iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani likachunguzwe. Tangazo kama hilo hutaja namba ya toleo. Kama ulitupa boksi na chupa haina maandishi, utajuaje kama ni yako?

5. NJIA YA TATU: MAHALI

Marekani walipoona watoto wengi wanakula tembe nyumbani, walitunga sheria mwaka 1970 ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua kwa urahisi. Kwetu tembe nyingi huhesabiwa dukani na kutiwa kwenye kibahasha cha karatasi au cha nailoni. Kibahasha hakina kifuniko. Kwa hiyo kifuniko ni wewe mwenyewe.

Mahali pasipofaa: chini ya mto, chini ya godoro, dirishani, ndani ya kikapu cha soko, mfukoni mwa kabuti lililoangikwa chini, kwenye mkoba wa nyanya. Mkoba wa mgeni ni hatari zaidi, kwa sababu mtoto hupekua akitafuta mkate au peremende.

Mahali panapofaa: kasha au debe lenye kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kiti. Usiseme "hawezi kufika". Mtoto wa miaka miwili husukuma stuli.

Tena usimwambie mtoto kwamba dawa ni tamutamu ili akubali kumeza. Siku utakapokuwa shambani atajitafutia hiyo tamutamu.

Na ile chupa ya soda niliyowaambia mlete? Iwekeni katikati ya kikundi. Mmeweka nini ndani yake mwaka huu? Mafuta ya taa? Dawa ya kunyunyizia viazi? Dawa ya ng'ombe ya kupe? Mtoto mwenye kiu anaijua chupa ya soda tangu Krismasi. Anaona ni soda. Mafuta ya taa ni miongoni mwa vitu vinavyowafikisha watoto wengi hospitalini katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na hayahitaji kuwa mengi; madhara yake makubwa ni pale yanapoingia kwenye mapafu. Sumu ya shamba ikae katika chupa yake ya asili, nje ya nyumba, chini ya kufuli.

6. NJIA YA NNE: KILE TUNACHOONA SI DAWA

Vidonge vya damu. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu. Ni vyema na avitumie. Lakini kidonge kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma. Mtoto wa kilo kumi akimeza kumi, anaweza kufa. Vingi vina rangi nzuri kama peremende. Nyumba yenye mama mjamzito mara nyingi ina mtoto mwingine wa miaka miwili, basi hatari na mtoto vinakaa chumba kimoja.

Dawa za kuchua. Mafuta ya wintagrini yanayotiwa kwenye dawa za kuchua viungo ni ya jamii ya aspirini. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yasiyochanganywa ni sawa na tembe zaidi ya 20 za aspirini. Dawa za kifua zenye kafuri nazo zikiliwa huleta degedege kwa haraka. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe, na mtoto yeyote asitiwe puani wala mdomoni.

Maji ya chumvi na sukari. Mtoto anayehara anahitaji maji haya, na yameokoa wengi. Ila chumvi ikizidi inamdhuru ubongo. Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe vya kilima. Kama una pakiti ya kliniki, soma inataka maji nusu lita au lita moja. Usipunguze maji ili "iwe kali ifanye kazi upesi".

Miti ya dawa. Simkatazi mtu kutumia miti ya wazee wetu kwa mtu mzima anayeijua. Lakini mtoto mchanga si mtu mzima mdogo. Muarobaini tunausifu kwamba unatibu magonjwa arobaini. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mti huo kwa mdomo kama dawa ya nyumbani. Walitapika, wakasinzia, wakapatwa na degedege. Ini na ubongo vikadhurika. Mti ukiwa na nguvu ya kuponya, una nguvu ya kudhuru pia. Na tukumbuke mti hauna maboksi ya kuandikiwa miligramu.

7. MTOTO AKISHAKUNYWA

FANYA HIVI:
1. Mwondolee kilichobaki mdomoni kwa kidole, kwa upole. Kama kimemwagika kwenye ngozi au macho, osha kwa maji safi mengi, na vua nguo zilizolowa.
2. Kama amelala fofofo lakini anapumua, mlaze ubavu.
3. Chukua chupa, boksi, kibahasha, hata jani la mti, uende nalo. Hesabu tembe zilizobaki.
4. Kumbuka saa. Alikunywa saa ngapi?
5. Nenda hospitali mara moja, hata kama anacheza. Piga kelele kwa jirani mwenye pikipiki.

USIFANYE HIVI:
1. Usimtapishe kwa kidole, maji ya chumvi wala yai bichi. Mafuta ya taa yakirudi juu yataingia kwenye mapafu.
2. Usimpe maziwa "yakate sumu". Hayakati.
3. Usimpe makaa ya jiko yaliyosagwa. Hospitali wana unga maalum wa makaa, na wanajua nani apewe na nani asipewe.
4. Usingoje uone dalili.

Hilo la nne tulisisitize. Mtoto aliyezidishiwa parasetamoli anaweza kutapika kidogo siku ya kwanza, kisha akaonekana mzima, akala na kucheza. Siku ya pili au ya tatu ndipo tumbo linauma upande wa kulia juu, macho yanageuka manjano. Wakati huo ini limeshaharibika. Dawa ya kuliokoa ipo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Vidonge vya damu navyo vina ujanja huo huo: mtoto hutapika na kuhara, pengine damu, halafu hutulia kwa muda wa saa kadhaa, wazazi wanashukuru, kisha anazimia. Ule utulivu si kupona.

8. LAWAMA HUCHELEWESHA

Turudi kwenye ule ukimya wa nyanya na mama. Katika kazi ya kutembelea maboma, hili ndilo naona tunalisahau tunapofundisha afya. Tunafundisha vipimo na kufuli, lakini mtoto mwingi huchelewa kwa sababu ya aibu. Mke anaogopa mume. Nyanya anaogopa kuambiwa ni mzee asiyejua kitu. Dada wa miaka tisa aliyeachiwa mtoto anaogopa kuchapwa. Wengine wanaogopa kugombezwa na nesi. Basi mtoto anafikishwa hospitalini na maneno "alianza tu kutapika", na daktari anaanza kutafuta malaria. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeumbuliwa ni mtoto ambaye hakuficha chochote.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na agano moja, lisemwe wazi mbele ya watoto: Atakayesema upesi hatapigwa wala kutukanwa. Baba ndiye aanze kulisema, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeogopwa. Swali la kwanza lisiwe "Nani amefanya?" Liwe "Amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi?" Mambo mengine yatazungumzwa mtoto akiwa ametibiwa.

Na nyinyi mnaofanya kazi hospitalini na zahanati, mnasoma ukurasa huu pia. Mama mmoja akigombezwa mbele ya foleni, kumi waliosikia watadanganya siku yao ikifika.

Wenye maduka nao ni walimu wa kijiji. Mzee, mteja akitaka dawa ya mtoto, muulize: mtoto ana kilo ngapi, na amepewa nini leo? Ni maneno machache, na hayapunguzi faida ya duka.

9. MASWALI YA KUJADILI

1. Kati ya njia hizi nne, ni ipi iliyo wazi zaidi katika boma lako?
2. Usiku wa saa nane mtoto akinywa kitu, nani hapa kijijini ana pikipiki au gari? Namba yake ya simu unayo?
3. Mnamwachia nani mtoto mnapokwenda shambani au sokoni? Je, anajua saa ya dawa iliyopita?
4. Ni kitu gani kinachowafanya watu wafiche ukweli hospitalini? Sisi kama jumuiya tufanye nini?

10. KAZI YA WIKI HII

Kila mshiriki akifika nyumbani akusanye dawa zote mahali pamoja. Zilizopita tarehe na zisizo na jina azipeleke duka la dawa au hospitali aulize jinsi ya kuziharibu. Asizitupe kwenye shimo la taka watoto wanapochezea. Zilizobaki zitiwe kwenye kasha moja na kufungwa. Chupa za soda zenye mafuta au dawa ya shamba ziondolewe leo, si kesho. Kikundi kinunue sirinji kadhaa zisizo na sindano, wagawiwe wenye watoto wadogo.

Katika mkutano ujao, kila mmoja aeleze alichokuta nyumbani kwake. Aliyekuta mengi asichekwe, apigiwe makofi, maana ameyakuta kabla mtoto hajayakuta.